Daktari Niliyemwita Gichiaro

Jameni, leo nimejianika. Mbele ya daktari bingwa na wanafunzi wanne wa unesi. Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wa bodaboda.

Mnamjua Kendi, mke wangu. Ana mimba ya miezi saba. Wiki mbili zilizopita nesi wa zahanati hapa Laare alimpima presha, akapima tena, akaandika barua: aende Meru mjini akaonwe na daktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya akina mama. Nikakataa. Nilijua kazi ya hao mabingwa ni moja tu, kupasua. (Nani aliniambia? Wazee wa kufunga miraa. Hakuna hata mmoja wao amewahi kuzaa.) Makena wetu alizaliwa kwa nesi huyo huyo na hatukuona kisu. Lakini niwaambie ukweli, niliogopa. Kendi naye miguu ikazidi kufura, na barua ikakaa mfukoni mwangu.

Jana, akimenya ndizi, akaniambia polepole, "Baba Makena, nimesikia yule daktari ni gichiaro yako."

Nikaacha chai. (Kwa wale ambao si Wameru: gichiaro ni mtu wa ukoo uliokula kiapo cha undugu na ukoo wenu tangu enzi za mababu. Akikuomba kitu hukatai, na wewe ukimwomba hakatai. Anayekataa anajitafutia balaa.)

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

Hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko miaka yote ya shule. Kama hawezi kunikatalia, basi nitamwomba asimpasue mke wangu. Maneno kwisha. Leo asubuhi ni mimi nilikuwa namharakisha Kendi. Nikavaa koti la kanisa. Nikabeba bunda la miraa, ile nzuri kabisa, nimelifunga kwa majani ya mgomba kwa mikono yangu.

Daktari ni mama wa makamo, mtulivu. Kando yake wale wanafunzi wanne na madaftari yao. Nikaweka miraa mezani, karibu na mashine ya presha, nikavua kofia.

"Gichiaro yangu," nikasema, "nimekuja na ombi moja."

Akaangalia miraa. Akaangalia Kendi. Kendi alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa bidii sana.

"Sema," daktari akaniambia.

"Usimpasue mke wangu. Na unajua huwezi kunikatalia."

"Na mimi nikikuomba kitu?"

"Pia siwezi kukataa. Haki ya Mungu."

"Sawa. Wacha kwanza nimpime."

Presha ilikuwa juu, niliona kwa uso wa daktari. Kisha akaweka kidude tumboni, chumba kikajaa mlio wa haraka haraka. Moyo wa mtoto. Nilishika ukingo wa meza. Akanieleza kwamba kisu ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kazi yenyewe ni kuchunga watu wawili kwa wakati mmoja, mama na huyo anayegonga ndani. Presha ikiachwa ipande inaweza kuwamaliza wote wawili. Wengi anaowaona huzaa kawaida, kwa sababu walikuja mapema. Na mimi nilikuwa nimekalia barua wiki mbili. Nilijichukia.

"Sasa ni zamu yangu kuomba," akasema. "Mama apumzike. Kuteka maji, kupika, kufua, ni wewe mpaka azae."

"Sawa, gichiaro."

"Ameze dawa kila siku, na kila wiki umlete. Kichwa kikimuuma sana au akianza kuona ukungu, msingoje wiki iishe. Mje siku hiyo hiyo."

"Sawa, gichiaro."

"Na siku nikisema ni lazima apasuliwe, hutanizuia."

Wanafunzi wakaacha kuandika.

"Sawa, gichiaro," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Daktari akavua miwani. "Vizuri. Sasa nikuambie kitu, Baba Makena. Hiyo gichiaro yenu mimi naisikia tu kwa wagonjwa. Mimi ni Muembu. Nimezaliwa Kibugu, kwetu tunachuma majani chai."

Mwanafunzi mmoja akaficha uso kwa daftari. Mwingine alitoka nje kabisa, tukamsikia akimalizia kicheko kwa korido. Nilibaki pale na kofia mkononi, nimevaa kama bwana harusi.

Nikamgeukia Kendi. "Ulisema umesikia kwa watu."

"Na mimi si mtu?"

Halafu sauti yake ikabadilika. "Ningefanya nini? Miguu inazidi kufura kila siku. Nimeogopa, Baba Makena. Nimeogopa peke yangu."

Daktari akaniangalia.

"Basi hakuna kiapo," akasema. "Unaweza kurudisha maneno yako yote. Unarudisha?"

"Sirudishi."

"Hata lile la kupasuliwa?"

"Hata hilo."

"Haya. Ondoa miraa yako mezani, nimwandikie mama dawa."

Sasa tumerudi nyumbani. Kendi amemeza dawa, amelalia ubavu wa kushoto kama alivyoambiwa. Mimi niko nje na beseni, nafua nguo kando ya hii njia ambayo wanunuzi wote wa miraa wanapita. Watatu wamepunguza mwendo wakinitazama. Mmoja ameuliza kama nimeachwa.

Najua na nyinyi mtapita kuona. Karibuni. Lakini tafadhali msicheke kwa sauti, ndiyo kwanza amepata usingizi.