Mkono Mgonjwa na Kiti cha Stoo

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tano katika kituo cha kuwarudisha majeruhi kazini. Mkono wa kulia, niliouvunja nilipoteleza kiwandani, umepona kabisa. Siri yangu na daftari hili. Ijumaa mpimaji anakiandikia kiwanda chetu cha sare: nirudi kwenye cherehani, nipewe kazi nyepesi, au nitolewe. Mimi nimeshachagua. Mtunza stoo amestaafu, na kiti chake kina mto! Miaka kumi na sita nashona kola nimekalia ubao mtupu. Imetosha.

Jumanne, 5 Machi
Kipimo cha nguvu za mkono. Unabana chombo, mshale unapanda. Nimekibana kama nashika yai. Kilo sita! Nikaguna kidogo, kunogesha. Mpimaji, mama mpole mwenye miwani, akanipa pole, akasema nirudie. Kumi na nne. Nirudie tena. Tisa. Akaandika zote. Huruma imemjaa, maskini.

Fundi vifungo wa kiwandani kwetu, aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine, kabana mara tatu: kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Hana ubunifu hata chembe. Na wakati wa chai anafanya mazoezi ya kutunga uzi kwenye sindano. Kujipendekeza tu!

Jumatano, 6 Machi
Nimemdokezea mpimaji habari za stoo. Akafurahi, akaniletea jora la kitambaa, kilo ishirini, nilipandishe kwenye rafu. Nikauliza kwani stoo si kazi ya kukaa? Akasema ni majora thelathini kwa siku, na kile kiti mzee alijinunulia mwenyewe, kaondoka nacho. Kisha, kwa upole uleule, akasema mkono wa kilo sita hauwezi stoo wala cherehani. Ataandika nitolewe.

Mtaka yote hukosa yote. Nimefika nyumbani natetemeka. Mama watoto akauliza kulikoni. Nikasema baridi.

Alhamisi, 7 Machi
Muujiza! Nimemweleza mpimaji, machozi yakinilengalenga, kuhusu dawa ya kuchua ya mama mkwe. Nikabana: arobaini na mbili! Akavua miwani. Akasema mkono dhaifu kweli hutoa namba zilezile, wa mwongo hurukaruka. Alinijua tangu Jumanne. Akaniuliza swali moja: nataka kushona au sitaki? Nikaona aibu. Nikasema nataka. Cha ajabu, ilikuwa kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Ripoti imetoka. Narudi kwenye cherehani. Fundi vifungo kapandishwa, sasa ni mkaguzi wa ushonaji. Eti mkweli! Atakagua kola zangu.

Jumatatu, 11 Machi
Cherehani yangu nimeikuta imefunikwa shuka. Miezi mitatu hawakumpa mtu mwingine. Nimeshona kola ya kwanza, macho yakanilowa. Hapo sina utani.

Ya pili mkaguzi kairudisha, eti imepinda. Ya nne pia! Mkono wa vidole vitatu, na bado anaona kila kitu.

Jioni nikamwambia mama watoto kiuno kinaniua, upande wa kushoto. Akanikanda kwa maji ya moto upande wa kulia. Nikamwambia hapo hapo, mke wangu, umepapata. Akacheka mpaka akakaa chini. Sijui kilichomchekesha. Kesho naomba nipimwe upya.