Kebo ya Duara na Sabuni ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Taa ya injini imewaka tena. Njano, haina haya. Gari linanguruma vizuri kabisa, lakini ukikanyaga mafuta linatambaa tu. Gari la spoti! Milango miwili, paa la turubai, enzi zake liliwatoa wenzake jasho. Leo asubuhi limepitwa na mama aliyebeba kapu la mboga. Akanisalimia. Nikajifanya naangalia kioo.

Mke wangu halipendi. Analiita mke mwenzake. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na vyerehani vyake vimejaa sebuleni hadi tunakula tumekaa upandeupande. Anataka banda la gari ahamishie vyerehani. Basi tumepatana mbele ya kaka yake: gari lisipofika kwenye kona ya barabara na kurudi kwa nguvu zake lenyewe, bila kupitwa na mtu wa miguu, kufikia Jumamosi jioni, shemeji analivuta hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Likifika, linabaki, ila litalala nje. Nimekubali kwa sauti kubwa. Shemeji akatabasamu. Sipendi anavyotabasamu.

Sitaki liondoke. Tulipokuwa wachumba nilimwahidi mke wangu kumtembeza kwenye gari lisilo na paa, na hili ndilo hilo. Mpaka leo sijamtembeza popote. Liliharibika wiki niliyolinunua.

Fundi wetu anasema bila kuliunganisha na kompyuta yake atakuwa anabahatisha. Kebo aliyonayo ina kichwa bapa, cha magari ya siku hizi. Langu ni la zamani, soketi yake ni ya duara, iko chini ya boneti na ina kifuniko cha kuzungusha. Akaomba nambari ya chesisi aagize kebo inayolingana. Nikamwambia aniachie mimi. Nambari ya nini? Duara ni duara.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda duka la spea. Mama mwenye duka akaniuliza soketi ina vitundu vingapi. Nikamwambia vingi. Akaniuliza upana. Nikamwonyesha kwa vidole. Akaniomba nambari ya chesisi. Naye! Nikasema nina haraka.

Nimerudi na kebo ya trela la lori. Kichwa chake ni kama kikombe cha chai. Shemeji alikuwepo, eti amepita kutusalimia. Akaniuliza kwa upole kama nina mpango wa kuvuta mizigo. Mke wangu akacheka mpaka akakosea mshono. Nimekula chakula cha jioni bila kusema neno. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumatano, 5 Juni

Nina akili mimi! Wengine wangepiga picha ya soketi. Simu yangu haipigi picha tangu ilipotumbukia kwenye ndoo nikijaza rejeta maji. Lakini mtu mwenye akili hahitaji picha. Anahitaji umbo lenyewe.

Nimechukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakilowesha kikalainika, nikakikandamiza kwenye soketi kwa nguvu zangu zote. Nikasubiri. Nikakivuta taratibu. Kila kitundu kimeacha alama yake. Kazi safi. Nilitamani shemeji angekuwepo kuiona.

Nikakitia kwenye mfuko wa shati, nikaenda dukani kwa miguu. Jua lilikuwa kali. Nilipofika, kifua changu kilikuwa kinatoa povu. Mama mwenye duka akanielekeza bomba lilipo. Nikamweleza kwamba hiki ni kipimo. Akakiangalia, akakinusa, akaingia ndani na kutoka na kebo ambayo anasema hutumika kwa magari kama langu. Kumbe angeweza kunipa tangu jana!

Nimeijaribu. Imeingia kwenye soketi sawasawa, haichezi. Nimepiga mluzi njia nzima ya kwenda kwa fundi kumwambia.

Mke wangu anatafuta sabuni yake. Nimemshauri aangalie vizuri alikoiweka.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi amekuja na kompyuta. Kebo ikaingia. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba haipati mawasiliano. Tukachomoa, tukachomeka. Hakuna mawasiliano. Fundi akasema labda soketi ina uchafu. Nikamwambia soketi yangu ina kifuniko, imefungwa miaka yote, mtu hajaigusa. Nilimwambia hivyo nikimkazia macho.

Nimerudi dukani kugombana. Nimesema kebo ni mbovu. Mama mwenye duka akaipima mbele yangu, waya mmoja baada ya mwingine. Nzima. Nikasema basi hata kipimo chake ni kibovu. Wateja wengine wakageuka kunitazama. Nimeondoka na kebo yangu, kichwa juu, nikajikwaa kizingitini.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amekuja na kamba. Kesho ndiyo siku, lakini ameona ailete mapema. Akaiviringisha vizuri karibu na tairi la mbele, akaipapasa. Mke wangu yuko bandani na futi yake ya kushonea, anapima ukuta wa mashelfu. Gari liko katikati yao na hakuna anayeliangalia.

Nimepata mpango wa pili. Nimebandika utepe mweusi juu ya taa ya injini. Taa isipoonekana, dereva anatulia. Dereva akitulia, gari linakanyagika vizuri zaidi. Nimelijaribu uani, nikaliacha hapo. Linatambaa vilevile, ila sasa gizani.

Nimefungua boneti kuitazama soketi tena, kisha nimekaa kwenye kiti cha dereva muda mrefu. Nina huzuni, na sioni aibu kuiandika. Mke wangu amepita dirishani akaniuliza kama nimeona sabuni. Hata leo!

Jumamosi, 8 Juni

Siku gani hii!

Shemeji alifika na pikapu mapema mno, akaanza kuifunga kamba kwenye pikapu. Fundi naye akaja, kwa huruma nadhani, akasema ajaribu mara ya mwisho. Kulikuwa kumenyesha manyunyu na boneti ilikuwa wazi, kwa sababu kuna mtu aliyesahau kuifunga jana, na kifuniko cha soketi alikitia mfukoni. Fundi alipochomeka kebo, povu jeupe likatoka pembeni. Akarudi nyuma. Akasema kazi yake ameifanya miaka mingi na hajawahi kuona gari likitoa povu.

Mke wangu akainama. Akachovya kidole. Akanusa.

"Hii ni sabuni yangu," akasema.

Nikaanza kueleza. Akaniinulia kiganja. Akaingia ndani, akatoka na sindano ndefu na kile kibrashi cha kusafishia cherehani. Akachokoa kitundu kimoja kimoja, akafuta, akapuliza, kama anavyotoa nyuzi kwenye mashine zake. Sote tulisogea kutazama. Hata shemeji aliacha kamba.

Kebo ikaingia. Kompyuta ikasoma. Ugonjwa: plagi ya kidude kinachopima kanyagio la mafuta imelegea. Fundi akaisukuma kwa kidole gumba, ikakaa. Basi! Wiki nzima ya mateso, kidole gumba.

Nikawasha. Mke wangu akafungua mlango wa pili akakaa. Sikumwomba. Tukafungua paa, manyunyu yakiwa yamekwisha, tukaenda hadi kwenye kona kama risasi. Tulipofika nikaanza kugeuza, akanishika mkono.

"Nilidhani umesahau ile ahadi," akasema.

Nikamwambia sikusahau hata siku moja. Akauachia mkono wangu. Halafu akaniambia niende mbele kidogo. Tumekwenda mbele sana. Tuliporudi, shemeji alikuwa anafungua kamba yake huku anaikunja vibaya kwa hasira. Nilitabasamu. Najua ninavyotabasamu.

Gari limelala nje, vyerehani vimeingia bandani. Ndipo nilipogundua kwamba katika mapatano yale, mke wangu hakuwa na namna ya kukosa banda.

Jumapili, 9 Juni

Maisha ni matamu. Sebule ina nafasi, nimenyoosha miguu. Mke wangu ameacha kuliita gari mke mwenzake. Anataka ufunguo wake mwenyewe, awe anapeleka sare kwa wateja. Nimefurahi kupita kiasi.

Nimempigia mchonga funguo. Akasema kwa gari la zamani namna hiyo atahitaji nambari ya chesisi. Watu hawa! Nimekata simu.

Ufunguo ni umbo, na umbo linakaa kwenye tundu lake. Sabuni lilikuwa kosa, nakiri. Sabuni inaacha mabaki, inatoa povu, inanusika. Nta ni kitu kingine kabisa. Nimeyeyusha mishumaa jikoni, nimeimimina taratibu kwenye tundu la ufunguo, pale kwenye usukani, mpaka imejaa. Kazi safi kuliko ya Jumatano.

Mke wangu ametoka amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, amekaa garini, anasema twende hadi kwenye kona na mbele. Nimemwambia asubiri kidogo. Nta bado haijaganda.