Atakayeirusha Ndege ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena nimeaibishwa mbele za watu. Kwenye klabu yetu ya ndege za rimoti, anayejifunza hufungwa waya. Rimoti yake inaunganishwa na ya mwalimu, na mwalimu akiona ndege inaelekea kaburini, anabonyeza kitufe na kuichukua. Mwalimu wangu ni nani? Mdogo wangu! Niliyemleta klabuni mimi mwenyewe, aje anishangilie! Akafuzu upesi, akapewa fulana ya ualimu, na mimi bado nina waya.

Kinachoniua ni adabu zake. Hagombi. Anasema tu pole Kaka, umevuta sana, tujaribu tena Kaka. Angenitukana ningepumua.

Ndege imeingia kwenye ua wa miti. Mwenyekiti, mstaafu mwenye kofia isiyovuliwa, ameniuliza kama nimewahi kufikiria kufuga kuku.

Jumatano, 5 Juni

Mama ametuita. Ile ndege ya njano ya marehemu Baba, aliyoiunda mwenyewe kwa mbao nyepesi na gundi, inayoning'inia juu ya kabati la vyombo, amechoka kuifuta vumbi. Jumapili ni siku ya wazi klabuni. Tutairusha, kila mtu kwa zamu yake, bila waya. Mwenyekiti ameshakubali, kwa heshima ya marehemu. Atakayeirusha na kuishusha salama, ni yake. Mama amesema atatangaza mbele ya watu.

Naitaka ndege hiyo. Sijawahi kutaka kitu hivi. Mimi ndiye niliyekaa chini ya meza nikimshikia Baba mabawa mpaka gundi ikauke. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya! Leo ana ndege chumba kizima, mpaka anakosa pa kulala, na hii nayo aichukue?

Mke wangu ameshauri nimwombe Mama anipe tu. Kuomba! Mke wangu hajui mambo ya wanaume. Nimemwambia hivyo. Amenigeuzia mgongo na taa akazima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Msusi!

Huyu mwanamke ndiye rubani bora klabuni, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukwambia. Amefungiwa na kamati kwa kupindua ndege juu ya kofia ya Mwenyekiti. Mikono inamwasha. Nimemfuata saluni, nikamkuta na kichwa cha mteja kimesukwa upande mmoja. Nikamweleza kwa kunong'ona: Jumapili yeye atajificha kwenye banda la mashine ya kukatia nyasi, lenye dirisha la wavu linalotazama kiwanja. Atairusha ndege na rimoti yake. Mimi nitasimama uwanjani na rimoti iliyozimwa, nikichezesha vidole.

Amecheka mpaka mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akafunua kichwa asikie. Kisha akakubali. Nimempa masharti: mzunguko mmoja mpana, wa taratibu, kisha kutua. Mbwembwe marufuku. Ameapa, chanuo mkononi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa Mama na rimoti ya Msusi ndani ya mfuko. Nimesema nimekuja kuisafisha ndege. Mama amefurahi kupita kiasi, akanipikia chai, akakaa kando yangu. Anasema siku hizi simtembelei.

Ndege hutii rimoti moja tu, ile iliyooanishwa nayo. Ilikuwa ikitii ya mdogo wangu, aliyeiandaa kwa ajili ya Jumapili. Sasa inatii ya Msusi. Ya mdogo wangu imebaki pambo!

Mama alianza kunisimulia habari za Baba na ndege hii. Nikamwambia ngoja kwanza Mama, nilikuwa natafuta kitufe. Alingoja. Nilipokipata nikaaga.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi mbele ya kioo. Uso wa utulivu. Macho juu. Vidole laini. Mke wangu amefungua mlango, akanitazama, akaufunga.

Jumapili, 9 Juni

Usingizi umekataa. Nitaandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu alitangulia. Alibonyeza, ndege kimya. Akabonyeza tena, kimya. Nikampa pole kwa sauti ya kusikika. Akasema bila kinyongo, anza wewe Kaka.

Nilisimama mbele ya umati, nikajifanya naioanisha ndege na rimoti yangu. Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikapaa. Jamani! Ilipaa kama ilivyopaa utotoni mwangu. Niliisahau njama. Kwa muda niliamini ni mimi. Watu wakapiga makofi. Mke wangu alisimama kwenye kiti. Mwenyekiti alishika kofia yake kwa heshima.

Msusi aliposikia makofi, kiapo kikamtoka. Akaipindua. Mimi huku napeleka vidole mbio nimfuate. Akaipindua tena, chini zaidi, umati ukalia kwa raha.

Ndipo Mama alipoinuka kwenye kiti chake. Alikuja akikatiza nyasi, machozi yanamtiririka, mikono yote miwili mbele, anasema mwanangu, mwanangu. Mtu ufanyeje mama yako akikujia hivyo? Niliweka rimoti chini nikampa mikono yangu.

Ndege ikajipindua. Ikajipindua tena.

Makofi yalikatika. Mwenyekiti aliitazama rimoti kwenye nyasi, akatazama juu, akaitazama tena rimoti. Mdogo wangu akaninong'oneza, Kaka, rimoti. Niliiokota. Niliishika juu chini.

Ndege ikatua kwa ulaini, ikaja kusimama karibu na miguu yetu. Na yule mwenda wazimu akatoka bandani, majani kichwani, mikono juu, anapokea makofi!

Mama hakunigombeza. Ningetamani anigombeze. Alinishikilia mikono, akauliza nani aliyenifundisha kuogopa kuanguka. Akasema Baba alikuwa akiiangusha ndege hiyo kila wiki, na ndiyo maana nyumba yetu ilinuka gundi miaka yote. Ndiyo habari aliyotaka kunisimulia Ijumaa. Akasema angenipa hata kama ningeivunja vipande, na mdogo wangu alikuwa ameshamwambia kwamba yeye ataishia kupaa tu, kutua ataniachia mimi, ili ndege iwe yangu.

Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na watu walikuwa wanatazama. Mama akainama, akaibeba ndege ya mume wake, akampa Msusi.

Msusi alilia. Mimi pia nililia, ila hakuna aliyeniletea mikono.

Jumanne, 11 Juni

Kamati imekaa. Mimi, waya mwaka mzima. Msusi ameongezewa adhabu na hajali hata kidogo. Ndege ya Baba inaning'inia saluni kwake katikati ya mashine za kukaushia nywele. Wateja wanaipiga picha. Nimepita mara kadhaa upande wa pili wa barabara, kwa shughuli zangu.

Nimetafakari sana. Mpango haukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa la Mama kuinuka.

Jioni mdogo wangu amekuja na mzigo wa mbao nyepesi na chupa za gundi. Amekaa kwenye kochi akishika magoti, hakujua aanzie wapi. Akasema tuunde nyingine, sisi wawili, ya njano kama ile. Akasema yeye hakumbuki jinsi Baba alivyofanya, mimi ndiye nijuaye, na yeye atanishikia mabawa. Mke wangu alikuwa mlangoni, akafuta macho kwa kanga.

Hata mimi nilifungua chupa moja ya gundi, nikainusa. Kisha nikafikiri. Ya njano. Sawasawa na ile!

Nimemkumbatia. Nimemwambia lazima ifanane mpaka mkwaruzo wa mwisho, kwa kumbukumbu ya Baba. Ikikauka nitaipeleka saluni ndani ya shuka, na Msusi akiwa anaosha mtu kichwa nitazibadilisha. Mdogo wangu ameondoka akipiga mluzi. Anadhani tumepatana.