Masasisho 214 Yaliyofika Bila Barua

Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa iliutangazia umma habari njema: kompyuta yake imezaliwa upya. Abigaël, mhitimu wa masomo ya kompyuta mwenye miezi miwili kazini, alikuwa ameifuta yote na kuiwekea mfumo mpya. Kila asubuhi alitoka mtaani Makomeno kwa mguu akiamini kwamba mashine safi huanzisha nchi safi.

Mashine ilipowaka iliomba kitu kimoja tu: masasisho mia mbili na kumi na manne.

Shefu Symphorien, mkuu wa ofisi, alivaa miwani. "Nani alizituma hizi mise à jour?"

"Bale benye kutengeneza mfumo, Shefu. Zinapita ku internet."

"Ziko na barua ya kuzisindikiza?"

"Hapana, Shefu."

"Basi hazijafika."

Akatoa agizo. Kila sasisho litaandikwa katika daftari la barua zinazoingia, litapewa namba, litasainiwa na kupigwa muhuri, ndipo liingie kwenye mashine. Hakuna karatasi itakayopita mbele ya iliyotangulia. Abigaël aliguswa moyo: hatimaye hata binamu wa mheshimiwa angengoja zamu yake.

Shefu alisoma kila sasisho mpaka mwisho. Kila baada ya machache, mashine ilijizima ili ianze upya, naye Shefu akaheshimu mapumziko hayo kwa kwenda kupumzika.

Jumatano alifika Mama Clotilde kutoka mtaa wa Kampemba. Binti yake, Bénie, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Orodha ya mtihani ingefungwa Ijumaa saa tisa.

"Mama, uko namba mia mbili na kumi na tano," Abigaël alimwambia. "Mbele yako ziko mise à jour."

"Njo bantu gani hao?" Mama akatazama benchi la kungojea. "Mi naona banc iko butupu."

"Haiko bantu, mama. Iko mambo ya mashini."

"Ah bon! Nayo mashini iko na mutoto wa kufanya examen?"

Abigaël akamwandika daftarini kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Ijumaa saa tano, Shefu akiwa kwenye namba 190, simu ililia kutoka Kinshasa. Alikuwa amependekezwa kuwa mkurugenzi. Cheti chake cha kuzaliwa kifike leo, kabla ya saa tisa.

"Abigaël, mutoto yangu, toa yangu sasa hivi."

"Ndiyo, Shefu. Nimekuandika: mia mbili na kumi na sita."

"Mi njo shefu!"

"Njo maana nilitumia bic nyekundu."

Shefu alifuta agizo lake papo hapo. Barua ya kulifuta ikapewa namba 217.

Ilibaki njia moja: kuimaliza foleni yote iliyokuwa mbele yake. Shefu alisaini kama mtu anayekimbizwa na mbwa, bila kusoma hata neno. Mashine ikameza kila kitu. Saa nane na robo alifunua mwenyewe daftari kubwa la vizazi, akamtafuta Bénie kwa kidole, akachapisha cheti na kukigonga muhuri hadi meza ikatikisika.

"Aksanti, Shefu," alisema Mama Clotilde. "Kumbe mukitaka, munatumika kazi mbio!" Akatoka akikimbilia barabarani.

"Sasa yangu!"

Kioo cha kompyuta kikawa cha buluu. Mashine ilikuwa inaanza upya: asilimia mbili, tafadhali usizime, saa mbili zimebaki.

"Simamisha hiyo kitu, mutoto!"

Abigaël alifungua daftari la barua, akaonyesha kwa huruma ya kweli namba 214, sasisho la mwisho, lililoagiza mashine ianze upya.

"Haiwezekani, Shefu. Iko na muhuri yako."