Malalamiko Juu ya Kuoshwa kwa Garimoshi Langu

Ampisikina, Mahajanga
Jumamosi, 15 Juni 1963

Kwa Mjomba Djaffar,
Msimamizi wa ukoo wa mke wangu,
Hell-Ville, Nosy Be.

Mjomba Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Ikiwa barua hii itakukuta mzima, kama ninavyokuombea, tafadhali keti kwanza. Ikiwa umeshaketi, vua miwani uifute, maana mambo nitakayokueleza yana sehemu ndogo ndogo sana. Mwili wangu hauna tatizo. Moyo ndio unaoniandikisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili, tena kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyotufundisha chuoni, ili shauri hili libaki baina yetu sisi wanaume wawili. Siku hizi hapa watu huandikiana Kifaransa, na nyumbani tunasema Kingazija na Kimalagasi kwa zamu. Barua ya namna hii ni salama kuliko kuifungia sandukuni.

Naandika nikiwa barazani kwa dada yangu Hadjira, ambako nimehamia tangu juzi. Sikufukuzwa. Niliondoka kwa miguu yangu na heshima zangu, nikibeba tupa, mkasi wa bati na mto wangu wa kulalia. Sitarudi kwa Mariamou, mpwa wako, mpaka utakapokata shauri hili kwa maandishi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo ya tatu. Hadjira hana jembe, lakini asubuhi hii amenipa nazi nne na mbuzi ya kukunia. Kwa hiyo nakusihi usichelewe kujibu.

Mambo yenyewe ni haya. Unajua nilifanya kazi misimu sita kwenye reli ya miwa huko kwenu, nikifunga na kufungua mabehewa nyuma ya injini namba nne, aliyoiendesha marehemu Mzee Madi, baba yake Mariamou, Mungu amrehemu. Tangu alipofariki, mwaka mmoja kabla ya uhuru, nilikuwa nikiiota injini ile. Basi nikaanza kuiunda upya, ndogo ya kukaa mezani, kila kitu kimepunguzwa mara arobaini isipokuwa bidii. Injini ni makopo ya samaki. Reli ni mbavu za miavuli, mataruma yake ni njiti za kiberiti. Mabehewa ni kumi na mawili, na miwa iliyomo ni chelewa za ufagio. Kipo na kituo, na kibanda cha mizani chenye paa la mabati nililolikunja mkunjo kwa mkunjo kutoka karatasi ya fedha ya pakiti ya chai.

Kuunda kulinichukua mwaka mmoja. Kuchafua kulinichukua mwaka na nusu.

Usicheke, Mjomba. Asiyejua hudhani uchafu huja wenyewe. Huja wenyewe kwa gari kubwa! Gari dogo lazima lichafuliwe kwa akili. Kwanza naloweka misumari katika siki siku tisa, nipate maji ya kutu. Kutu ikishakauka juu ya bati, nabandika punje za chumvi, napaka rangi ya kijani juu yake, kisha napangusa chumvi, na pale ilipokuwa chumvi kutu inachungulia kana kwamba rangi imebanduliwa na mvua za miaka kumi. Masizi natoa kwenye kioo cha taa. Vumbi ni udongo mwekundu wa Amborovy, niliouchekecha mara tatu kwa kitambaa cha kilemba, kwa sababu udongo usiochekechwa una chembe ambazo mbele ya behewa langu ni majabali. Behewa la tano nililitia alama pale ng'ombe wa msimamizi wa shamba alipozoea kujikuna.

Kazi hii yote inatakiwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya sikukuu ya Uhuru, tarehe ishirini na sita mwezi huu. Watoto wengi wa Mahajanga hawajawahi kuona garimoshi. Nilitaka waone la kweli, si la dukani, na chini yake kuwe na kibao chenye jina la Mzee Madi. Hilo tu ndilo nililotaka katika dunia hii. Sasa siku zimebaki kumi na moja, na mashtaka yangu ni haya:

1. Alhamisi nilivuka kwenda Katsepy kutafuta ukoka mwembamba wa kupanda kando ya reli. Niliporudi nilikuta mabehewa yangu kumi na mawili yamepangwa dirishani juu ya taulo, yanakauka kama watoto walioogeshwa kwa ajili ya Idi. Yalinukia sabuni. Mwaka na nusu wa uchafu ulikuwa umekwenda kwa beseni moja! Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini nililikimbilia lile beseni hata hivyo. Lilikuwa limeshamwagwa kwenye shina la mpapai. Kwa sasa mti wenye kutu bora kuliko yote kisiwani Bukini ni mpapai wa mke wangu.

2. Majengo nayo hayakusalimika. Kibanda cha mizani, nilichokitia kuvu ukuta mmoja mmoja kwa unywele wa paka, kimepakwa chokaa. Paa limepanguswa. Nyuma ya kituo kuna choo kidogo, ukubwa wa kidole gumba, ambacho mlango wake niliuvunja kwa makusudi, kwa kuwa katika misimu yangu yote sita mlango ule haukuwahi kufungika. Mariamou ameutengeneza. Ametia bawaba ya uzi mweusi. Sasa unafungika vizuri, jambo ambalo mfanyakazi yeyote wa reli ile atakuambia ni uzushi.

3. Sasa naja kwenye injini yenyewe. Hii aliisugua kwa ndimu na majivu mpaka unaweza kuchania ndevu ndani yake. Namba nne ya ubavuni, niliyoifunika kwa masizi hata usiweze kuisoma mpaka uwe unaijua, sasa inasomeka kutoka mlango wa nje. Nilimuuliza kwa nini. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa sababu ya kurukiwa na ndimu, akajibu neno moja tu, kwamba injini ile haitoki mbele za watu vile. Nikamwambia nimetembea nyuma ya injini ile misimu sita na sijaiona safi hata siku moja, na kama kuna mtu Mahajanga nzima anayejua uchafu wake, ni mimi. Akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo, Mjomba, na mshindo wa kile kimya ndio ulionifanya nichukue mto wangu.

4. Hapa nagusa desturi, na naomba radhi mapema. Kwa mila yetu nyumba ni ya mke. Mimi nimeoa, nimeingia, nakaa. Ukuta si wangu, msumari ukutani si wangu, hata kivuli cha ukuta nadhani ni cha mama yake. Sijalalamika miaka kumi na moja. Lakini tumo katika zama za uhuru. Kila mwaka tunasikia redioni nchi nyingine imepata bendera. Kwa hiyo naomba rasmi meza yangu ipewe uhuru. Eneo lake ni hatua mbili kwa moja, kutoka mguu wa kitanda mpaka mtungi wa maji. Sitaki jeshi. Wimbo nitautunga mwenyewe. Ufagio utakaotaka kuingia utaomba kibali siku tatu kabla, na kitambaa chenye maji hakitaruhusiwa kwa sababu yoyote, hata ya maradhi.

5. Naomba pia unitolee hukumu ya elimu, maana wewe ni msomi: je, kutu ni najisi? Mimi nimesoma kidogo, lakini sijaona popote kutu ikitajwa. Mariamou husema usafi ni katika imani, na kila Alhamisi nyumba yetu hufagiwa na kusuguliwa kwa ajili ya Ijumaa, nami sipingi, huinua miguu yangu kama ninavyoambiwa. Lakini naona upo uchafu wa uvivu, na upo uchafu wa kazi. Uchafu wa kazi ni haki ya mfanyakazi. Kumvua mtu uchafu huo ni sawa na kumvua kofia yake. Ukikubali, naomba uandike hivyo kwa herufi kubwa, nibandike juu ya meza, yaani mpakani.

6. Ikiwa haya yote hayawezekani, nina ombi la mwisho, nalo ni jepesi kwa mtu mwenye heshima zako. Kazi yangu lazima ifanane na ukweli. Ikiwa garimoshi dogo haliwezi kuwa chafu, basi lile kubwa liwe safi. Naomba uende kiwandani, uonane na wakubwa, uwaombe mabehewa yote yaoshwe kwa sabuni, na injini namba nne isuguliwe kwa ndimu na majivu kila wiki. Kwa hesabu yangu, ndimu moja ya hapa ni sawa na magunia mawili ya huko. Chokaa kwenye mizani. Bawaba kwenye choo. Najua watakuona umechanganyikiwa, kwani nani mwenye akili timamu anaosha injini ya miwa, kitu kinachochafuka tena kabla jasho la mwoshaji halijakauka? Lakini kosa si langu wala lako. Ni la mpwa wako.

Nikimalizia, nakuhakikishia kwamba sina chuki. Mariamou ni mwanamke mwema na wali wake siupati hapa kwa Hadjira, ambaye hutia chumvi kama anayehifadhi samaki. Natamani kurudi nyumbani. Nataka tu kurudi na haki yangu mkononi.

Nisalimie nyumba nzima: Shangazi Kouraichia na magoti yake, Elamine fundi seremala, majirani wa msikitini, na yeyote wa relini anayenikumbuka. Hadjira anakusalimu, na mbuzi ya kukunia nayo.

Mimi mkweo, mwenye kukutii na kukusubiri,

Ibouroi
Aliyekuwa mfunga mabehewa, injini namba nne

Tanbihi. Mjomba, usiende kiwandani.

Naandika haya Jumapili, nikiwa nyumbani kwangu, yaani nyumbani kwa Mariamou. Hadjira aliichukua barua hii akampelekea yeye, kwa hoja kwamba barua ya kwenda kwa mjomba wa mtu haipiti nje ya mpwa wake. Mimi nilikaa nikicheka, maana nilijua hawezi kuisoma. Nilipoandika «ulivyotufundisha» nilisahau nani mwingine alikuwa chuoni kwako. Alikuwa amekaa upande wa wasichana, nyuma ya pazia, na alihitimu miaka miwili kabla yangu.

Ameisoma mara mbili. Alicheka alipofika kwenye choo, alicheka kwenye wimbo wa taifa, na alipofika namba sita, pale nilipouliza nani mwenye akili timamu anaosha injini ya miwa, akaiweka chini. Akasema: baba.

Kila Ijumaa, wakishaswali alfajiri, Mzee Madi alimchukua binti yake mpaka banda la injini. Yeye alibeba ndoo na majivu, Mariamou alibeba ndimu katika upindo wa nguo. Mzee alisema injini haiwezi kuswali, lakini kuoga inaweza. Sehemu ya Mariamou ilikuwa kusugua namba nne, kwa sababu mkono wake mdogo ulienea katika tarakimu. Mimi nilikuwa nikifika kazini saa moja, injini ikiwa imeshakwenda shamba la mbali na kurudi, nyeusi tii. Nilimjua mkwe wangu kuanzia saa moja tu. Misimu sita!

Kwa hiyo mashtaka yote sita nayafuta. Mabehewa nitayachafua upya, na safari hii Mariamou ndiye anayechekecha udongo, na ameuchekecha mara nne, akasema wangu ulikuwa na changarawe. Ila injini inabaki inavyong'aa. Atakayeuliza kwenye maonyesho ataambiwa ni Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.

Kando ya injini tunaweka ndoo, niliyoitengeneza kwa kifuniko cha chupa ya wanja. Hapo ndipo tumekwama. Mimi nasema ndoo ya marehemu ilikuwa na mpini wa waya. Mariamou anasema kamba. Nimeshakubali kamba, nimeshaisokota na kuifunga. Lakini wewe ulikuwa jirani yake, tafadhali tujibu hata hivyo.