Buti Ndani ya Unga

Jumatano, 4 Juni

Daftari mpenzi, salamu sana. Mimi mzima. Baba watoto mzima, isipokuwa goti. Kifunguamimba mzima huko kwake, na mkewe, na pacha wao. Mama mkwe mzima, anakula kutushinda sote. Paka mzima. Kitindamimba ndiye mzima kupita wote: kapata kazi ya uuguzi ng'ambo, anaondoka Jumatatu. Mgonjwa ni moyo wangu tu.

Kitinda ndiye kanipa daftari hili. Eti akishafika huko niandike humu badala ya kumpigia simu kila saa. Kwani huko atafika?

Nina mpango. Mfamasia wa kona ni mgane, mpole, ana meno yote. Wakipendana, haondoki mtu! Nimemuuliza anapenda nini. Kasema Ijumaa anakwenda tamasha la filamu, kuona ya vita kutoka Iran. Nikasema hizo ndizo ugonjwa wangu! Sijaona hata moja.

Ijumaa, 6 Juni

Aibu! Nilipanga tuketi hivi: mfamasia, Kitinda, mimi. Mara harufu ikatangulia: jirani yangu Mama Manukato! Na bintiye, kapambwa kama keki. Eti wanapenda filamu za Iran tangu zamani. Waongo! Akamsukuma bintiye kwenye kiti cha kando ya mfamasia. Nikajitupa mimi kwanza. Nikakipata! Mfamasia kushoto, Kitinda kulia, mimi katikati kama ukuta. Kabla sijahama, taa zikazimwa.

Watu wanasema Kiajemi, maandishi yanapita chini mbio kama yamefukuzwa na mbwa. Mimi na herufi husalimiana kwanza ndipo tuzungumze. Mfamasia akaona nahangaika, akanisomea sikioni neno kwa neno. Mtu wa staha! Wa nyuma wakafyonya.

Kijana anaitwa vitani. Mamake kaficha buti zake ndani ya pipa la unga. Kijana anatafuta nyumba nzima, na mama anamsaidia kutafuta! Nikacheka peke yangu. Kisha alfajiri kijana akatoka peku. Theluji imetanda, nyayo zake zinaonekana mpaka barabarani. Nikasahau nilipo. Nikasimama: "Mkimbilie, dada! Mkamate hata shati!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kitinda akajifunika mtandio. Mama Manukato akasema, kwa sauti, kwamba wengine waletewe katuni.

Mama yule hakumwona mwanawe tena. Nilipangusia machozi koti la mfamasia.

Mwishoni mtaalamu mmoja, amejifunga skafu na joto lote hili, akaeleza kuwa unga ule ni ukimya wa historia. Unga ni unga, bwana! Akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono: kwa nini afiche buti, na miguu anayo? Angeficha kitambulisho! Wakapiga makofi. Mtaalamu akaandika.

Njiani Kitinda akanishika mkono. "Mama, yule mama siku za mwisho na mwanawe kazimalizia kwenye pipa la unga. Hata kuagana hawakuagana." Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa mno.

Jumamosi, 7 Juni

Mfamasia kaja kunijulia hali! Nikamwita Kitinda alete chai, nikatoka, nikatega sikio dirishani. Wakaongea kwa upole, wakacheka. Moyo ukaruka! Kumbe anamweleza dawa ya kichefuchefu cha ndege. Msaliti!

Jumapili, 8 Juni

Nimemaliza kazi. Mama wa sinema hakuwa na akili: unga huchekechwa kila siku. Pasipoti ya Kitinda nimeisokomeza chini kabisa ya pipa la mchele. Ameitafuta tangu asubuhi. Namsaidia kutafuta, mwanangu, roho inaniuma. Nimemwambia amuulize baba yake, goti lile limeanza kumsahaulisha.

Sasa kaacha kutafuta. Kanikumbatia. Kasema asije akaondoka kama yule wa sinema. Ikionekana, isionekane, leo anapika yeye, tule, tuagane vizuri. Kaalika mfamasia. Kaalika hata Mama Manukato! Nasikia pipa linaburutwa jikoni. Anauliza apime mchele kiasi gani, na baba yake anajibu amwage wote.

Daftari, wewe ni wa karatasi, umekaa na wasomi. Nijibu upesi nifanyeje, kabla maji hayajachemka.