Baiskeli Naisukuma Mwenyewe

Jumatatu, 7 Aprili

Jana niliandaa meza ya watu wanne, nikala peke yangu. Kapelachi, vifuko vya tambi vilivyojazwa boga, sinia zima. Leo binti yangu Ornella kapiga simu. Ati wameanza kuendesha baiskeli kila Jumapili, kwa afya na kwa raha ya familia. Na kwa kuwa mama yake Fausto, mumewe, anakaa kando ya tuta la mto Po, chakula cha mchana watakuwa wanakula huko. Kwa Nives. Mwanamke anayechemsha boga badala ya kulioka. Nikauliza mjukuu wangu Bice nitamwona lini. Akasema, Mama, si uje nasi, baiskeli unayo.

Ninayo. Mji mzima wa Ferrara unajua ninayo. Miaka yote naenda nayo sokoni, viazi kwenye usukani, kabichi kwenye keria. Wasichojua ni kwamba sijawahi kuikalia. Naisukuma. Huku kwetu kila bibi husukuma yake akikutana na mtu wa kuongea naye, basi anayeniona hudhani nimeshuka sasa hivi. Sijamdanganya mtu. Hawajauliza.

Jumanne, 8 Aprili

Nimetoa upepo matairi yote mawili. Nikamwambia Ornella baiskeli inaumwa, Jumapili waje wao kwangu. Jioni Fausto huyo, na pampu. Kufumba na kufumbua, kamaliza. Mkwe gani huyu? Bomba la jikoni kwangu linavuja tangu Krismasi, hilo halioni. Kisha akalishangaa tandiko. Mbona limekaa jipya hivi, Mama unalitunzaje? Nikamwambia kwa usafi, baba, ujaribu na wewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa daktari anikataze. Nikamtajia magoti, moyo, kizunguzungu, na kizunguzungu kingine. Akapima, akauliza nimekujaje. Ulimi ukajibu wenyewe: na baiskeli. Akacheka. Akasema basi hiyo ndiyo dawa yangu, niongeze. Niongeze nini, kusukuma? Nimerudi nyumbani sielewi kama naumwa au nimepona.

Jumamosi, 12 Aprili

Bice kaletwa kushinda nami. Nikampeleka nyuma ya kanisa, nikamwambia anionyeshe anavyopanda, nimkague. Ana miaka saba, anapaa kama mbayuwayu. Kisha nikapanda mimi. Bibi, akasema, usiangalie gurudumu, angalia mbele. Mbele kulikuwa na ukuta. Nikauangalia, nikaufuata hadi nikaugonga. Kumbe baiskeli inafuata macho. Sasa mbona hakusema niangalie pembeni?

Kaniinua, kaniuliza, "Bibi, kumbe hujui?" Nikamwambia najua sana, ila barabara hii ndiyo haijui. Nikampa keki ya chokoleti anyamaze. Akala. Kisha akaomba kipande kingine, cha kunyamazia kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Hila ya leo: kutangulia. Niliwaambia nataka Misa ya Matawi ya asubuhi mapema kule kijijini kwa Nives, wao wanikute huko. Nikasukuma hadi miguu ikawa si yangu. Nives nikamkuta getini na baiskeli mpya nyekundu, tandiko bado lina nailoni ya dukani. Maringo tu.

Akasema twende tukawapokee watoto. Nikamwambia, panda, mkwe mwenzangu. Akasema, "Iolanda, wewe ndiye mgeni, panda kwanza." Nikasema siwezi kumwacha mwenye nyumba nyuma. Akasema naye hawezi kumpita mkubwa wake. Mkubwa nani? Tumepishana miezi tu. Tukasukuma tuta zima, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mkaidi yule. Alitaka nitangulie mimi apate kunicheka kwa nyuma.

Watoto wakatukuta. Bice akatutazama, akazitazama baiskeli, akamvuta mama yake: "Mama, hawa mabibi wote wawili..." Nikamtumbulia macho. Nives naye akamtumbulia macho. Yeye kwa lipi, sijui.

Ornella hakusikia. Akasema tunapendeza tukitembea tunapiga soga vile, na kumbe kututenganisha ni dhambi. Kwa hiyo Jumapili zitapokezana, moja kwa Nives, moja kwangu. Nimeipata meza yangu. Nimempata na Bice.

Hapo ningenyamaza. Lakini Nives, huku anatugawia kapelachi nene kama soli ya kiatu, akasema kwamba yeye akiwa peke yake huendesha hadi baharini. Nikasema mimi huenda na kurudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Ornella kapiga simu, anacheka kwa furaha. Jumatatu ya Pasaka familia nzima inakwenda kula mchana baharini, kwa baiskeli, mabibi wawili mbele kuonyesha njia. Nikauliza Nives kasemaje. Kakubali, akasema, hata sauti ilikuwa inamtetemeka.

Nami nimekubali. Nimpe Nives nafasi ya kusema niliogopa?

Tangu simu ile sijatulia, ila akili imefanya kazi. Nimemwagiza Fausto anitafutie baiskeli ya injini. Majirani wanasema hiyo haitaki hata nguvu, inajiendea. Basi iende. Mimi nitashika usukani, nitatembea kando yake.